Uzoefu wangu na Nigehaji, mapenzi ya Kijapani yasiyo na haraka

Msichana hana kazi. Anaajiriwa kufanya usafi kwa mwanamume mpweke ambaye hajawahi kuwa na mpenzi, kisha wanakubaliana kuishi kama mume na mke kwa mkataba. Hapo mtazamaji yeyote wa tamthilia ameshajua wataishia wapi, na kweli ndiko walikoishia. Mimi naipenda kwa sababu hiyohiyo.

Tamthilia hiyo, Nigeru wa Haji da ga Yaku ni Tatsu, ambayo Wajapani wenyewe huikata na kuiita Nigehaji, ilirushwa na TBS, kituo cha televisheni cha Japani, kila Jumanne usiku, Oktoba hadi Desemba 2016. Vipindi 11 tu. Yui Aragaki ni Mikuri, mwenye shahada ya uzamili ya saikolojia isiyompatia ajira. Gen Hoshino ni Hiramasa, mhandisi wa kompyuta. Mume ndiye mwajiri, mke analipwa yeni 194,000 kwa mwezi.

Kwa kuwa huna wasiwasi kama watapendana, macho yanabaki huru kutazama wanavyosogeleana. Ili waonekane wanandoa wa kweli wanapanga kukumbatiana kila Jumanne, na Hiramasa anasimama mkakamavu, hajui mikono aiweke wapi. Safari yao ya chemchemi za maji moto, katika kipindi cha 6, inapita bila chochote kutokea. Kisha ndani ya treni ya kurudi, wakikaribia kituo cha kushuka, Hiramasa anambusu Mikuri. Busu moja, baada ya saa nyingi za kusubiri! Nimetazama tamthilia za Kikorea na za Kituruki ambazo kufikia hapo watu wameshatekwa, wamepoteza kumbukumbu na wamegundulika ni ndugu, lakini hakuna iliyonishika moyo namna ile.

Kilichoipandisha zaidi machoni pangu ni kipindi cha 10. Hiramasa anaomba ndoa halisi, na kwa kuwa ni mtu wa hesabu, anaonyesha fedha watakazookoa mshahara ukifutwa. Mikuri hafurahi. Anamwambia huko ni kutumia upendo wa mtu kumnyonya: kazi ni ileile ya kupika na kufua, ila sasa aifanye bure kwa sababu anapenda. Nilisimamisha video nikairudia sehemu hiyo. Katika hadithi laini namna hii, swali zito la kazi za nyumbani limeingia bila mtu kupaza sauti, na mapenzi yao hayakuvunjika kwa kuulizwa.

Kasoro zipo. Kutoelewana kwa kipindi cha 7 na cha 8 kunavutwa mno. Maneno mawili ya wazi yangemaliza kila kitu. Pia Mikuri huwaza akijiona ndani ya vipindi vya televisheni vya Japani, na asiyevijua vipindi hivyo utani mwingine utampita. Shangazi yake Yuri, mwanamke wa miaka 49 anayejitegemea, alistahili muda mrefu zaidi. Matukio yake ni mazuri kuliko ya wahusika wengine wote wa pembeni.

Kama umezoea fitina na makofi, ipe hadi kipindi cha 3 kabla ya kuamua. Sehemu maalumu ya ziada ya Januari 2021, yenye ujauzito na janga la korona, iache kwanza. Itazame ukishamaliza vyote 11, na ukiwa na nafasi ya kulia kidogo.