Miguu ya Altezza hapa Dodoma kwa bajeti ya mshahara: shokapu za Kayaba, springi zake zile zile

Wakuu, wenye Altezza, Verossa, Mark X, Subaru na gari zote zile za kutufanya tujione bado vijana, hii inawahusu. Nimefanya miguu ya gari yangu yote, yaani shokapu na vyote vinavyoshika tairi, kwa hela ambayo kuna watu wananunulia rimu tu, na nimeshakaa nayo masika na kiangazi kwahiyo siongei kwa furaha ya kitu kipya.

Gari ni Altezza RS200, manyuo gia sita, ile yenye injini ya 3S-GE. Toyota waliitoa 1998 na ikabeba Gari Bora la Mwaka kule Japani msimu wa 1998-1999, na waliokuwa wanaisifia hawakuwa wanasifia mbio sana maana mbio zake za kawaida tu, walikuwa wanasifia inavyokaa barabarani. Kila tairi ina mkono juu na mkono chini, mbele na nyuma, tairi za nyuma ndo zinasukuma, kilo kama 1,300 na kitu. Yaani ukinunua hii gari umenunua miguu. Halafu cha kushangaza watu wakishaipata kitu cha kwanza kukiharibu ni hiyo hiyo miguu, wanakata springi kwa grenda wanasema wameishusha.

Matumizi yangu ni ya kila siku. Nakaa Nzuguni, kazini Mtumba, kule Mji wa Serikali. Ukishaingia barabara ya Dar ni lami nzuri huna shida, shida ni mtaani kabla hujaifikia lami, vumbi, kokoto, na mvua ikinyesha maji yanachimba vikorongo vya kukatisha barabara ambavyo jana yake havikuwepo. Na naenda sana Iringa kupitia Mtera. Kwahiyo nilikuwa nataka gari ipite mtaani bila kulia, isinese kwenye lami, na kona za mlima Nyang'oro niwe nazifurahia na sio kuziogopa.

Hali ilivyokuwa: mguu wa mbele kushoto unagonga kodo kodo ukipita shimo dogo, ukishika breki pua inazama, ukivuka rasta za vijijini mkia unaendelea kunesa kama bajaji tupu hata rasta zimeshaisha. Kila niliyemuuliza jibu lilikuwa moja, weka koilova, yaani shokapu na springi zinazokuja pamoja na unaweza kupandisha au kushusha gari kwa kuzizungusha. Watu wa gari bana, hata ukiwaambia taa haiwaki watakwambia weka koilova.

Springi fupi nilizitoa kwenye hesabu mapema. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi, springi ikibanwa inataka kurudi kwa nguvu na shokapu ndo inaizuia isirudi hovyo. Sasa springi fupi huwa ni ngumu kuliko ya mwanzo, kwahiyo inahitaji shokapu yenye nguvu zaidi, wewe unaiweka juu ya shokapu iliyochoka tangu iko Japani, unategemea nini. Na ukishaishusha, nafasi ya tairi kupanda inapungua, kila tuta shokapu inafika mwisho inagonga ile raba yake ya ndani na wewe kiti kinakupiga kiunoni. Utaambiwa ndo ugumu wa gari ya sporti. Hapana, hiyo ni gari inayotembelea raba.

Koilova nilizifikiria kwa dhati kabisa. Kuna mshikaji hapa mjini ana Altezza kama yangu, alifunga koilova mpya za bei nafuu, chapa siitaji, mbele springi zimeandikwa kilo 10 kwa milimita, yaani inataka kilo 10 kuibana milimita moja. Akanipa nikaendesha mpaka Buigiri na kurudi. Kwenye lami laini pale baada ya Ihumwa nikiri ni tamu, ukigusa stelingi pua imeshaenda. Tukafika kwenye rasta aisee, simu iliyokuwa kwenye dashibodi ikaruka ikaingia chini ya pedeli na tukanyamaza wote mpaka zilipoisha. Tuliposimama tukainama tukaangalia, ile mwili ya shokapu yenye nyuzi za kupandishia na kushushia imejaa vumbi jekundu lililochanganyika na grisi limekuwa gumu kama plasta, zile ringi za kurekebisha hazizunguki hata kwa spana yake. Kwahiyo umelipia kitu cha kurekebisha ambacho hakirekebishiki. Wenye koilova wa huku, zioshe nyuzi kila baada ya muda, zipake kilainishi kikavu na uzivalishe soksi, grisi usiiguse maana inakamata vumbi.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawakwambii. Koilova nyingi ni za silinda moja, pistoni inatembea moja kwa moja kwenye ukuta wa nje. Jiwe likiruka likaacha kibonyeo pale, pistoni inakwama au inakula sili, imekufa hiyo. Shokapu za kawaida za silinda mbili zina ukuta wa nje na wa ndani, kibonyeo kidogo cha nje hakifiki kwenye pistoni. Silinda moja inapoza mafuta vizuri zaidi, hilo ni kweli, ukiwa unakimbiza kwenye uwanja wa mashindano utaliona. Mimi nakimbiza kwenda kuwahi kikao Mtumba.

Mtumba za Japani, namaanisha koilova za mtumba sio kazini kwangu, zipo Gerezani na Ilala bei inashawishi sana. Ila hujui zimetembea kilomita ngapi, na nyingi kuzifungua kubadili sili na mafuta ni kazi ambayo hapa Dodoma sijamuona wa kuifanya. Nikaachana nazo.

Basi nikachukua KYB, hawa wengi tunawaita Kayaba, aina ya Excel-G, ya gesi, silinda mbili, urefu wa kiwandani, springi zangu zile zile za RS200. Zote nne laki sita na ishirini, duka la Dar, zikaja kwa basi mpaka stendi ya Nanenane. Feki za hii chapa ni nyingi mno, na niliwahi kupewa box zuri lenye kitu cha ajabu ndani nikalirudisha palepale. Angalia kuchomelea kwake ni kusafi, namba ya kwenye box iendane na iliyopigwa kwenye mwili wa shokapu, na ukiikandamiza mpaka mwisho ukaiachia inapanda yenyewe taratibu kwa sababu ya gesi. Ikibaki chini imelala, mrudishie mwenyewe.

Ila shokapu peke yake isingefanya chochote, na hapa ndo naomba mnisome vizuri, maana ile kodo kodo haikuwa shokapu. Ilikuwa boljointi ya chini, ile fundo inayounganisha mkono wa chini na tairi. Hizi gari boljointi ya chini ya mbele ndo ugonjwa wake mkubwa, ikichoka ikachomoka tairi linalala na gari inakaa chini, omba isikukute una spidi 100. Imeungana na mkono unaoshikwa na tairodi (fimbo inayogeuza tairi ukikata stelingi) kwahiyo kushoto na kulia haziingiliani na bei yake inauma, mbili laki moja na sabini. Bushi (raba za kwenye maungio) za mikono ya mbele nazo zilikuwa zimepasuka, ukiweka bara ya chuma ukachokonoa mkono unacheza mbele na nyuma. Sasa mkono ukicheza hivyo, ukishika breki tairi lenyewe linabadilisha uelekeo, unamlaumu shokapu wa watu.

Kufunga nilifunga hapa hapa mjini na nilikaa na fundi mwanzo mwisho. Shokapu kabla ya kuziweka alizisimamisha wima akazivuta na kuzikandamiza kadhaa kutoa hewa, vizuri. Ilipofika kwenye mikono akataka kukaza boliti zote gari ikiwa juu ya jeki tairi zinaning'inia, ndo wanavyofanya karibu wote. Nikamwambia kaka, subiri. Bushi ya raba imegandishwa kwenye chuma pande zote mbili, mkono ukipanda raba inajinyonga, haizunguki. Ukiikaza gari ikiwa hewani, raba inahesabu pale ndo nyumbani, ukishusha gari inakaa imejinyonga muda wote na baada ya miezi imechanika na unarudi kusema bushi zilikuwa feki. Tukafunga boliti kwa mkono tu, tukashusha gari kwenye mbao nne nene ili apate nafasi ya kuingia chini, tukainesa mara kadhaa ikakaa, ndo akakaza. Alinuna kidogo, ila tulipomaliza akasema hilo atawafanyia na wateja wengine.

Hesabu nzima ilikaa hivi: shokapu laki sita na ishirini, boljointi laki na sabini, bushi za mbele na kushindilia laki na ishirini, mauntini na raba tisini, ufundi laki na ishirini, alaimenti arobaini. Milioni moja na laki moja na sitini. Mshikaji wangu kwenye koilova peke yake ilimtoka zaidi ya hapo na boljointi zake hajazigusa, nimeshamsema nimechoka.

Alaimenti, yaani kunyoosha uelekeo wa tairi, msiiruke. Boliti za kurekebishia zilikuwa zimeganda kwa kutu, gari ilitoka sehemu ya chumvi na theluji inaonekana, tukazimwagia mafuta ya kulegeza zikalala usiku. Na muombe akupe karatasi ya kabla na baada. Watu wanasema kemba (tairi kulala kwa juu) ndo inakula tairi ndani, inakula ndio, ila inayomaliza tairi haraka ni tairi kuangaliana au kutazamana nje, hiyo inalisaga kila mita unayotembea.

Halafu tairi. Nilikuwa kwenye 215/45R17, nikabadilishana rimu na jamaa wa Area C nikahamia 205/55R16, kimo cha gurudumu karibu ni kile kile ila ubavu wa tairi umeongezeka kama milimita 16. Wakuu, milimita 16 za raba na upepo kwa barabara zetu ni nyingi kuliko mnavyodhani. Kwa muonekano imepungua ukali, nakubali, wadogo zangu pale mtaani walisikitika kabisa. Ila rimu haipindi tena kwenye mashimo na tairi za 16 ni bei rahisi.

Ikoje sasa? Mtaani bado unahisi kokoto, hii sio Crown, lakini inapiga mara moja inatulia. Rasta inavuka unasikia mlio tu mwili hauchezi. Barabara ya Iringa kule kwenye kona za Nyang'oro ndo nilipoelewa Wajapani walikuwa wanamaanisha nini, unaingia kona, inalala kidogo, inashika, halafu inakaa pale pale bila kukuuliza swali la pili, hata ukikuta kiraka katikati ya kona hairuki pembeni kama mwanzo.

Isichonifurahisha, inalala kwenye kona kuliko ile ya koilova, na ukibeba watu watano na mizigo mkia unashuka vile vile, shokapu haibebi uzito, springi ndo inabeba. Kwa kulala nawaza kuweka stabilaiza (fimbo ya chuma ya kuzuia gari kulala) nene kidogo ya mbele na nyuma, maana hiyo inapunguza kulala bila kugusa springi, ingawa tairi moja likiingia shimoni utasikia zaidi kwa sababu inaunganisha kushoto na kulia. Kabla ya hapo bushi za nyuma, nazo zimeanza kupasuka. Mwenye kujua zinapouzwa OG za mikono ya nyuma bila kununua mkono mzima anishtue, Dar nimeambiwa mkono mzima tu kila duka.