Uzoefu wangu na UPS ndogo ya ruta: kuendelea kupatikana kwa simu umeme unapokatika Mombasa

Kifaa ninachokizungumzia hapa ni UPS ndogo ya volti 12, yaani kile kisanduku cha betri kinachowekwa kati ya chaja ya ruta na ruta yenyewe, ili umeme ukikatika intaneti ya nyumbani isizimike. Nimekitumia nyumbani kwangu Tudor tangu kabla ya masika ya mwaka jana, na nasema mapema kwamba nimeridhika nacho na nitanunua kingine. Hata hivyo, manufaa yake yanategemea mambo ambayo hayakuandikwa kwenye boksi na ambayo wauzaji hawayataji, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike kwa urefu.

Ninaishi katika jengo la ghorofa lenye kuta nene za zege, na ndani ya nyumba mtandao wa simu hushika kwa shida, kiasi kwamba anayetaka kuzungumza kwa laini ya kawaida bila sauti kukatikakatika hana budi kutoka nje roshani. Kwa sababu hiyo mazungumzo yetu mengi hupitia Wi-Fi. Mamangu, ambaye naishi naye na ambaye ana shinikizo la damu, huzungumza kwa WhatsApp na dadake mkubwa aliye Maskati, na muuguzi anayemfuatilia hupenda kumpigia kwa njia hiyo hiyo ili azione nambari za kipimo kwa macho yake. Mimi ni wakala wa forodha, na kazi za bandari ya Kilindini hazifuati saa za ofisi: dereva wa lori akikwama getini usiku, au karani akihitaji hati iliyomo kwenye simu yangu, wote hutarajia kunipata. Taa ya kuchaji ninayo, na feni naweza kuikosa kwa saa chache. Kutopatikana ndiko kunakoniumiza.

Mamangu aliponiona nikihangaikia jambo hili alinikumbusha kwamba simu ya mezani waliyokuwa nayo Kibokoni, enzi za Shirika la Posta na Simu, ilikuwa ikilia hata mtaa mzima ukiwa gizani. Anasema kweli, na sababu yake inafaa kujulikana. Simu zile hazikutumia umeme wa nyumba hata kidogo. Zilipata umeme wa volti 48 kupitia waya uleule wa shaba uliobeba sauti, kutoka kwenye betri kubwa zilizokuwa katika kituo cha simu, na mzigo wote wa kuzitunza betri hizo ulikuwa wa shirika. Faiba hupitisha mwanga kwenye uzi wa kioo, na uzi huo hauwezi kumletea mteja umeme wa kuendesha vifaa vyake, kwa hiyo kila kifaa kilicho upande wetu lazima kijitafutie umeme wake. Mzigo ule wa betri umehamia majumbani mwetu, na sidhani kama wateja wengi waliambiwa hivyo siku walipofungiwa faiba.

Nilikinunua karibu na Mwembe Tayari kwa shilingi 3,500. Kwenye boksi pameandikwa miliampea-saa 8,800, na muuzaji akaniambia, "Dadangu, hii inakaa saa nane, ondoa wasiwasi." Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kutoa kalamu. Hizo miliampea-saa 8,800 zimehesabiwa kwa volti 3.7, ambazo ni volti za seli, yaani betri ndogo ya lithiamu iliyo ndani, wala si kwa volti 12 zinazoingia kwenye ruta. Zidisha 8.8 (ndizo hizo 8,800 zikiandikwa kwa ampea-saa) kwa 3.7, utapata takriban wati-saa 32.5, yaani nguvu yote iliyohifadhiwa ndani; kisha ondoa kama asilimia 15 inayopotea kwa njia ya joto wakati volti zinapopandishwa, zibaki wati-saa 27 au 28. Ruta yangu hutumia takriban wati 7 inapokuwa na kazi. Ukigawanya utapata saa nne hivi, na kwa kweli saa nne kasoro kidogo ndizo ninazozipata, si nane. Mtu ambaye nyumbani kwake kuna kifaa cha faiba ukutani pamoja na ruta, ambavyo kwa pamoja vinaweza kutumia wati 12, asitarajie zaidi ya saa mbili na ushee kutoka kwenye betri hii hii. Ningefurahi sana kuona watengenezaji wakilazimishwa kuandika wati-saa kwa herufi kubwa mbele ya boksi, kwa sababu kwa wati-saa mnunuzi anaweza kulinganisha kifaa na kifaa bila kudanganyika, ilhali miliampea-saa peke yake, bila kutajiwa volti zake, haimwambii lolote.

Uzito nao husema kweli. Seli za aina ya 18650, ambazo ndizo zinazotumika sana katika vifaa hivi, huwa na uzito wa takriban gramu 45 kila moja, na kifaa changu kina nne. Kwa hiyo seli peke yake zinakaribia gramu 180 kabla ya kuhesabu kasha na sakiti. Katika duka jirani nilionyeshwa kifaa kilichodai uwezo mkubwa zaidi, nacho kilikuwa chepesi kuliko hiki nilichokinunua. Nilikirudisha kaunta bila maswali zaidi.

Kabla ya hapo tulikuwa tukitumia UPS ya kawaida ya kompyuta, ile nzito yenye betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7. Kwenye karatasi betri hiyo ina wati-saa 84, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya hii ndogo, lakini sehemu kubwa ya nguvu hiyo huishia njiani: UPS huchukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi 240 za umeme wa nyumba, halafu chaja ya ruta huzishusha tena hadi 12, na kila hatua ina hasara yake, mbali na nguvu ambayo mtambo wenyewe hutumia hata ukiwa na mzigo mdogo kama ruta. Kifaa kidogo hakina mzunguko huo. Zaidi ya hayo, umeme unapokatika ruta haizimiki na kuwaka upya, hivyo mtu aliye katikati ya mazungumzo huendelea kuzungumza bila hata kujua, ikiwa ni mchana, kwamba umeme umepotea. Na hakuna kengele inayolia usiku kucha, jambo ambalo mamangu amelishukuru kuliko yote niliyoyaeleza.

Hata hivyo, umeme ulipokatika kwa mara ya kwanza baada ya kukifunga, ruta iliendelea kuwaka taa zake zote na intaneti haikuwepo. Kifaa hakikuwa na kosa. Katika jengo letu faiba haifiki katika kila nyumba. Inaishia kwenye kisanduku kilicho chini ya ngazi, na kutoka hapo swichi husambaza intaneti kwa nyaya hadi kwenye nyumba moja moja. Swichi ile ilikuwa ikitumia umeme wa mita ya jengo bila betri yoyote, kwa hiyo hata kama kila mpangaji angenunua UPS yake, wote tungekuwa na ruta zinazowaka bure. Nilikwenda kwa msimamizi wa jengo, mzee ambaye sote humwita Ami, nikamwomba anifungulie kisanduku. Alinisikiliza kwa makini, akasema, "Mwanangu, hapa pana chaja mbili, na hakuna hata moja iliyo na akiba." Tulichanga wapangaji, tukapata ruhusa ya kampuni inayotuletea intaneti, na fundi akafunga betri kubwa zaidi kwa ajili ya swichi na kifaa cha faiba. Tangu hapo umeme unapokatika jengo zima hubaki na mawasiliano, hata nyumba ambazo hazina UPS, mradi wenyewe wawe na pawabenki yenye waya wa kupandisha volti 5 hadi 12 za kuwashia ruta. Natamani kila mwenye jengo Mombasa angeuliza swali hili kabla ya kupangisha: kisanduku cha chini ya ngazi kinapata wapi umeme wakati wa giza? Ni swali la dakika moja, na jibu lake ndilo linaloamua kama pesa za mpangaji zitakuwa zimetumika vizuri au zimepotea.

Nyumba ikishakuwa sawa, inabaki minara ya simu. Kwa kawaida mnara una betri zake, na baadhi ya minara ina jenereta, kwa hiyo katika kukatika kwa muda mfupi simu za mkononi huendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Hali hubadilika giza linapokuwa refu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipopotea karibu Kenya nzima, na tena mwezi Desemba mwaka huo huo, ilionekana wazi kwamba akiba ya betri ina mwisho: mnara mmoja ukizimika, simu zilizokuwa zikiutegemea hukimbilia mnara wa jirani, huo nao ukalemewa, na simu iliyo mbali na mnara huongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili isikike, jambo linaloimaliza betri yake upesi zaidi wakati ule ule ambao hakuna pa kuichaji. Kwa hiyo giza likizidi saa chache, mimi huweka simu ya pili katika hali ya ndege na kuacha ile moja iliyo kwenye Wi-Fi, badala ya kuziacha zote mbili zikitafuta mtandao hadi zizimike. Pia nina laini ya mtandao mwingine, kwa sababu minara ya kampuni mbili kwa kawaida haiishiwi betri kwa wakati mmoja, isipokuwa pale kampuni hizo zinapotumia mnara mmoja.

Hili la laini ya pili nalisisitiza kwa sababu Wi-Fi haifanyi kazi zote za simu, na mnunuzi wa UPS anapaswa kulijua hilo kabla ya kutoa pesa. Nambari kama *977#, ambayo Kenya Power hupokelea ripoti za umeme kupotea, hupitia mtandao wa simu, sio intaneti, na hali kadhalika huduma ya M-Pesa kwa *334# na ujumbe mfupi wa kuthibitisha malipo. Ukinunua tokeni wakati mnara umezimika, hata kama malipo yamepita, ile SMS yenye nambari za kuingiza kwenye mita itangoja hadi mtandao urudi. Simu ya dharura kwa 999 au 112 vilevile ni ya mtandao wa simu, ingawa kwa kanuni za GSM, yaani mfumo wa kimataifa wa simu za mkononi, nambari 112 inaweza kupita kwenye mnara wa kampuni yoyote ulio karibu, hata usio wa laini yako. Nimemfundisha mamangu mambo haya mawili kwa mpangilio: akitaka kuzungumza na jamaa abaki ndani kwenye Wi-Fi, akihitaji msaada wa haraka atoke roshani, apige 112.

Hali ya hewa ya pwani nayo ina neno lake. Lithiamu huchakaa upesi inapokaa kwenye joto, na kuanzia Januari hadi Machi nyumba za kisiwani hupata joto la kutosha bila kuongezewa. Nimeona katika nyumba nyingi kifaa kama hiki kikiwekwa juu ya kingʼamuzi cha televisheni, ambacho chenyewe hupata joto, kisha kikafunikwa kitambaa cha kufuma ili sebule ipendeze. Kitambaa kile kinapendeza kweli, lakini kinazuia joto kutoka. Changu kimesimama wima kwenye rafu ya waya, penye upepo wa dirisha lakini mbali na mvua na jua. Kwa walio karibu na bahari, ncha za plagi hushika kutu kwa sababu ya hewa ya chumvi. Plagi ikilegea ruta huanza kuzimika ovyo, na watu hudhani betri imekufa. Kuchomoa plagi na kuipangusa kwa kitambaa kikavu mara kwa mara kunatosha.

Kuhusu kufunga, angalia nyuma ya ruta yako volti zilizoandikwa kabla ya kuchomeka chochote, kwa kuwa kifaa hiki kina tundu la volti 9, la volti 12 na la USB la volti 5, na matundu mawili ya kwanza yanafanana kabisa. Tundu la volti 12 likiingizwa kwenye ruta ya volti 9 linaweza kuiunguza. Upungufu ninaouona kwenye kifaa chenyewe ni taa zake nne za kuonyesha kiasi cha chaji, ambazo hushuka kutoka mbili hadi moja bila kumpa mtu fununu ya dakika zilizobaki, na dhamana ya miezi sita tu, ambayo ni fupi mno kwa kitu ambacho udhaifu wake huonekana mwaka wa pili.

Kasha lake limefungwa kwa skrubu, na fundi amenihakikishia kwamba seli zikichoka zinaweza kubadilishwa. Mama mdogo anayeishi Likoni ameniomba nimtafutie cha kwake. Kwake faiba inaingia hadi ndani, kwa hiyo ana vifaa viwili vya kuwasha, na ili avipate kwa saa nne atahitaji betri ya wati-saa zisizopungua 57; zenye uwezo huo ni ghali kuliko changu, lakini nimeshamwambia asikubali kuuziwa ndogo kwa ahadi ya saa nane, wala kununua yoyote ambayo kasha lake limegandishwa kwa gundi.