California: kujitegemea kisheria au kupewa mlezi?

Kijana wa miaka 16 aliyeshindwana na wazazi wake huko California ana milango miwili ya kubisha mahakamani, na wengi hukimbilia ule wenye jina tamu: kutambuliwa kama mtu mzima kabla ya kufika 18.

Masharti yake si mchezo. Awe ametimiza miaka 14, awe anaishi kivyake kwa hiari na wazazi wameridhia au wamenyamaza, asimamie pesa zake mwenyewe, na pesa hizo zisitokane na uhalifu. Jaji akikubali, kijana anasaini mkataba wa pango kwa jina lake, anaridhia matibabu bila kumsubiri mama, anashtaki na kushtakiwa, hata wosia anaandika. Ila kodi ya nyumba ikifika, ni yeye na mfuko wake. Wazazi hawalazimiki tena kumtunza. Kura bado hapigi, pombe hanunui mpaka 21, na shule iko palepale.

Mlango wa pili ni mlezi wa kisheria. Shangazi, tuseme, anakabidhiwa malezi, anaamua mambo ya shule na hospitali. Mtoto wa miaka 12 na zaidi anaweza kuomba mwenyewe. Uhuru hapati, lakini sahani ipo mezani, na wazazi bado wanaweza kudaiwa matunzo.

Asiye na kipato cha kueleweka ningemwelekeza kwa shangazi. Kibarua cha jioni mgahawani hakilipi pango la Los Angeles.