Muda wa saa tatu katika duara la Astley: tathmini ya ziara ya kutembea Lambeth

Ziara hii ya kutembea kwa miguu, inayoanzia nyuma ya stesheni ya Waterloo jijini London na kuishia karibu na daraja la Westminster, hutangazwa kuwa ni historia ya sarakasi ya farasi tangu mwaka 1768. Nililipa pauni 18 nikitarajia kuelezwa habari za farasi na habari za watu waliowapanda kwa uzito ulio sawa. Za farasi nilizipata kwa ukamilifu. Za watu, na hasa za familia zilizorithishana kazi hii kwa vizazi kadhaa, niliambulia makombo, ingawa mwongozaji wetu ni mtu mwenye elimu kubwa na ulimi mwepesi.

Kituo cha kwanza ni Cornwall Road, mahali ulipokuwa uwanja wa Ha'Penny Hatch. Hapo ndipo Philip Astley, mtoto wa seremala wa samani kutoka Newcastle-under-Lyme aliyepigana katika Vita vya Miaka Saba akiwa askari wa farasi na kufikia cheo cha sajini meja, alipoanza kufundisha upandaji asubuhi na kuonyesha ustadi wake mchana mbele ya watu waliolipa kiingilio. Maelezo yalikuwa mazuri kwa kadiri nilivyoweza kuyasikia, kwa sababu mabasi hayakomi kupita na kundi letu lilikuwa kubwa mno kwa sauti ya mtu mmoja asiye na kipaza sauti. Waliosimama nyuma walibaki kusoma midomo.

Tulipofika Archbishop's Park hali ilibadilika, na kituo hicho peke yake kinatosha kuihalalisha bei. Mwongozaji alitoa kamba mkobani, akamsimamisha mmoja wetu katikati ya majani akiwa ameshika ncha moja, kisha yeye mwenyewe akazunguka na ncha nyingine, umbali wa mita sita na nusu, akitia alama ardhini. Duara lililotokea, lenye kipenyo cha futi 42 au takribani mita 13, ndilo kipimo ambacho Astley alitulia nacho baada ya kujaribu duara kubwa zaidi, na ndicho kinachotumika katika sarakasi hadi leo. Alieleza kwamba farasi anapopiga shoti kwa mwendo usiobadilika ndani ya duara, mwili wake hulalia upande wa ndani, na mpandaji aliyesimama mgongoni naye akilala pamoja naye, nguvu inayotaka kumtupa nje humsaidia kuushika mgongo badala ya kumwangusha. Duara likiwa dogo kupita kiasi farasi hulala mno na kuchoka; likiwa kubwa mno, msaada huo hupungua. Tulitakiwa kulikimbia duara lile ili tuonje mambo hayo kwa miguu yetu. Nilikimbia mizunguko mitatu, nikatweta, nikaelewa.

Hapo, hata hivyo, ndipo mwongozaji alipoiacha mada nono ikimponyoka. Faida ya kipimo kimoja haiishii kwenye mizani ya mpandaji, kwani farasi aliyefunzwa katika duara la mita 13 mjini Paris hukuta duara lile lile Vienna, akafanya kazi bila kufunzwa upya. Kwa hiyo familia iliyokuwa na farasi wachache wazuri na watoto waliojua kazi iliweza kuhama na mtaji wake wote. Antonio Franconi, Mwitaliano wa Udine, aliushika ukumbi wa Astley wa Paris vita vya Uingereza na Ufaransa vilipozuka mwaka 1793, na wanawe Laurent na Henri wakafungua Cirque Olympique mwaka 1807. Mwaka uliofuata Christoph de Bach alijenga sarakasi yake katika bustani ya Prater, Vienna. Alipofariki mwaka 1834 mjane wake Laura aliolewa na mpanda farasi Louis Soullier, na kazi ikaendelea kupitia ndoa hiyo. Hakuna hata jina moja kati ya hayo lililotajwa.

Badala yake tulisimuliwa kana kwamba Astley alikuwa mtu pekee aliyebuni kila kitu. Kabla ya mwaka 1768 Islington ilikwisha kuwa na waonyeshaji kama Price, Johnson na Sampson, na Jacob Bates alikuwa amezunguka Ulaya na farasi wake. Hata neno lenyewe la sarakasi katika Kiingereza, circus, halikutoka kwake: Charles Hughes, mshindani wake, ndiye aliyefungua Royal Circus pamoja na Charles Dibdin mwaka 1782. Mwanafunzi wa Hughes huyo, John Bill Ricketts, ndiye aliyeipeleka sarakasi Philadelphia mwaka 1793, na George Washington akaenda kuitazama. Hughes tulimtaja kwa sentensi moja, tena tukiwa tunavuka barabara.

Katika nyumba ya Astley yenyewe wamo watu wanaostahili kituo chao. Mkewe Patty alipanda farasi mbele ya watazamaji tangu siku za mwanzo. Mwanawe John alikuwa akicheza minueti, dansi ya taratibu ya kiungwana, juu ya farasi, kisha akawa mwendeshaji wa ukumbi wa baba yake wa London. Jengo lilipoungua mwaka 1794 Philip alikuwa ng'ambo na jeshi. Lilipoungua tena mwaka 1803, mama mkwe wa John alifia humo. Baba alifariki Paris mwaka 1814, mwana akafariki huko huko mwaka 1821, na wote wawili wamezikwa katika makaburi ya Père Lachaise. Tukiwa Hercules Road, barabara ambayo jina lake linakumbusha nyumba ya Astley iliyoitwa Hercules Hall, dakika nyingi zilitumika kueleza kwamba mshairi William Blake alikuwa jirani yake. Ni habari ya kupendeza, lakini Blake hakupanda farasi.

Kituo cha mwisho, ulipokuwa ukumbi wa Astley, kilimrudisha mwongozaji kwenye ubora wake. Alimwigiza mpanda farasi Andrew Ducrow katika onyesho la tarishi wa St Petersburg la mwaka 1827, ambamo mpandaji husimama mguu mmoja juu ya farasi huyu na mwingine juu ya yule, huku farasi wengine wakipita katikati ya miguu yake wakiwa na bendera za nchi anazovuka, naye akiokota hatamu za kila mmoja. Aliigiza kwa viti viwili vya kukunja, na hakuna aliyecheka. Nilimuuliza kuhusu Pablo Fanque, aliyezaliwa Norwich kwa jina la William Darby, mtu mweusi wa kwanza anayejulikana kumiliki sarakasi Uingereza. Alijibu kwa adabu kwamba Fanque ni habari ya kaskazini. Sikuridhika. Fanque alijifunza kazi kwa mwenye sarakasi William Batty, na Batty ndiye aliyeujenga upya ukumbi wa Astley baada ya moto wa mwaka 1841. Uanagenzi huo ulikuwa mlango wa kuingia katika kazi hii kwa mtoto asiyezaliwa ndani ya familia za sarakasi.

Anayetaka kuelewa kwa nini sarakasi ni ya mviringo aende bila kusita, achague asubuhi ya Jumapili magari yanapopungua, na asimame karibu na mwongozaji. Anayetaka familia atenge siku ya pili, kama nilivyofanya, aende makaburi ya Kensal Green, ambako Ducrow amelala katika kaburi la mtindo wa Kimisri alilolijengesha mwenyewe. Maandishi yake yanatangaza kwamba lilijengwa na kipaji ili kuyapokea mabaki yake chenyewe. Kuingia makaburini ni bure.