prlimit: amri ya kubadili vikomo vya mchakato unaoendelea

Wasimamizi wengi wa seva za Linux wanaifahamu ulimit, amri ya kuweka vikomo vya rasilimali, ambayo ni sehemu ya sheli yenyewe (programu inayopokea amri unazoandika), na kwa hiyo hubadili vikomo vya sheli hiyo na vya programu zitakazowashwa kutoka humo, basi. Hifadhidata iliyokwisha kuwashwa, ambayo sasa inakataa miunganisho mipya kwa kuwa imefikia idadi ya faili inayoruhusiwa kufungua, haiguswi kabisa. Amri ya prlimit, iliyoingizwa katika kifurushi cha util-linux toleo la 2.21 mwaka 2012, huufikia mchakato wowote kwa namba yake bila kuuzima, na kwa seva yenye wateja saa nne asubuhi hilo si jambo dogo.

Ukiandika prlimit --pid 2318 unapata jedwali la rasilimali 16, kila moja ikiwa na kikomo laini, yaani kile kinachotekelezwa kwa sasa, na kikomo kigumu, yaani upeo ambao kile laini hakiruhusiwi kuuvuka. Katika safu ya NOFILE, yaani idadi ya faili zinazoruhusiwa kufunguliwa, mara nyingi utakuta laini ni 1024 na kigumu ni 524288. Pengo hilo limeachwa kwa makusudi tangu toleo la 240 la systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, kwa sababu programu za zamani zinazotumia select (njia ya kusubiri faili kadhaa kwa pamoja) haziwezi kushughulikia faili yenye namba kuanzia 1024. Kwa hiyo kupandisha kikomo laini kiholela kwa kila programu si busara.

Ninachokilaumu zaidi ni alama ya nukta mbili. Ukiandika --nofile=8192: unabadili kikomo laini peke yake, lakini ukiisahau nukta mbili hiyo ya mwisho, kikomo kigumu nacho hushuka hadi 8192, na mtumiaji asiye root, yaani msimamizi mkuu, hawezi tena kukipandisha. Amri haitoi onyo lolote. Inatii na kunyamaza.

Zaidi ya hayo, mabadiliko hayawahusu watoto wa mchakato waliokwisha kuzaliwa, na programu nyingine hupiga hesabu zake mara moja tu zinapowashwa. MySQL, kwa mfano, hupanga ukubwa wa akiba ya majedwali kwa kufuata kikomo ilichokikuta wakati wa kuanza, hivyo kuiongezea nafasi baadaye hakuleti nafuu yote inayotarajiwa. Kwa NPROC, kikomo cha idadi ya michakato, tahadhari ni kubwa zaidi, kwani kerneli huhesabu kwa pamoja michakato yote ya mtumiaji mwenye mchakato huo na nyuzi (sehemu za kazi zinazokwenda sambamba ndani ya mchakato) zake zote.

Huduma ikiwashwa upya, kila ulichoweka kwa prlimit hupotea. Kwa hiyo ninaipendekeza kwa dharura na kwa uchunguzi, lakini siku hiyo hiyo kikomo kipya kiandikwe kwa systemctl edit, katika mstari wa LimitNOFILE chini ya [Service]. Wapo wanaokimbilia /etc/security/limits.conf, kisha wanashangaa huduma yao haibadiliki. Faili hilo husomwa na pam_limits, moduli inayoweka vikomo, mtumiaji anapoingia kwenye mfumo, na huduma inayowashwa na systemd kwa kawaida haipitii mlango huo.