Bima ya afya bila mwajiri: mwaka wangu wa kwanza na SHA

Napiga picha za arusi Mombasa, hasa usiku wa kupamba, ambako wapiga picha wanaume hawaingii. Kazi ipo, ila huja kwa misimu. Mfungo Mosi siku hazitoshi, Agosti na Desemba vilevile, kisha Ramadhani inaingia na simu inanyamaza mwezi mzima. Mume wangu ni fundi wa friji, naye hana mwajiri. Mshahara wa mwisho wa mwezi hatuujui sisi.

Mwaka 2021 nilimzaa mtoto wetu wa kwanza kwa operesheni. Siku hizo tusioajiriwa tulilipa NHIF, bima ya afya ya serikali ya wakati ule, Sh500 kwa mwezi, na mimi nililipa miezi yenye arusi nikaacha miezi mikavu. Siku ya kulazwa kadi ilikuwa imelala. Niliuza lenzi yangu ya milimita 85 ndipo tukatoka hospitalini. Ile ndiyo lenzi niliyokuwa nikipigia nyuso za maharusi, na nilikaa karibu miaka miwili sijaweza kununua nyingine. Ndiyo sababu naandika haya kwa kirefu.

Mapema 2025 nikajua nina mimba tena, ya miezi miwili, na daktari akaniambia huenda nikapasuliwa tena. Nilianza na kampuni za binafsi. Wakala mmoja alinitajia Sh22,000 kwa mwaka kwa kulazwa peke yake, mtu mmoja. Nikitaka na matibabu ya kwenda na kurudi, zaidi ya Sh50,000. Nikamuuliza ya uzazi. “Uzazi upo, dada, lakini unangoja miezi kumi na miwili kwanza.” Nilimshukuru kwa kunijibu wazi, maana mwingine kabla yake alinisifia kifurushi chake nusu saa nzima bila kulitaja hilo. Ukizungumza na wakala, swali la muda wa kungoja liwe la kwanza kabla ya bei.

Basi nikarudi kwa bima ya serikali. SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na hata aliyekuwa mwanachama wa zamani alitakiwa kujisajili upya. Nilijisajili kwa simu, *147#, nikamweka mume na mtoto. Halafu yakaja maswali ya kupima uwezo wa nyumba: paa ni la nini, sakafu je, maji mnapata wapi, mnapikia nini. Jibuni kwa ukweli na mkae wawili mkijibu, kwa sababu ada ni ya nyumba nzima. Walioajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Sisi tunakadiriwa kwa majibu yale, kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, na tunalipa mwaka mzima kwa mkupuo. Sisi tulikadiriwa Sh745 kwa mwezi, yaani Sh8,940 kwa mwaka.

Kwa mtu wa kipato cha msimu, hapo ndipo penye uzito. Sh745 naipata hata mwezi mbaya, lakini karibu Sh9,000 kwa siku moja, Februari, Ramadhani ikibisha hodi, ilibidi nizitoe kwenye pesa za kodi ya nyumba. Baadaye mwaka huohuo ukaja mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao unakopeshwa ada ya mwaka kisha unairudisha kidogo kidogo. Wakati huo mimi nilishalipa.

Malipo ya uzazi yanajulikana: Sh10,000 kwa kuzaa kwa kawaida, Sh30,000 kwa operesheni. Kiasi hicho hakipandi kwa sababu hospitali ina marumaru. Hospitali moja ya binafsi iliniambia operesheni yao ni Sh95,000, kwa hiyo ningeongeza Sh65,000 mfukoni, na hilo nililijua kwa kuuliza tu, halikuwa kwenye karatasi yao ya bei. Nikaenda ya serikali. Septemba nikapasuliwa, nikakaa siku nne, na bima ikalipa bili. Mimi nilinunua dawa za nje na nepi, jumla haikufika Sh3,000. Muuguzi alipokuja na karatasi ya kuruhusiwa nilimuuliza mara mbili. “Mama, imekwisha. Mbebe mtoto mwende,” akasema. Nililia pale pale kitandani.

Homa na kifua vya watoto tunapeleka kituo cha afya cha mtaani. Ngazi hizo za chini zinalipiwa na mfuko wa afya ya msingi, aliyesajiliwa hutibiwa bila kutoa kitu, hata ambaye ada ya mwaka bado. Foleni ni ya asubuhi, nenda mapema. Na namba ya simu uliyosajilia iwe ile unayotembea nayo, usitumie ya shemeji.

Ningependa siku moja kuongeza bima ya binafsi juu ya hii, kwa ajili ya vipimo na madaktari bingwa. Kwa sasa haiwezekani, na sioni haya kusema hivyo. Ukiwa na uwezo wa moja tu, chukua SHA kwanza, na uichukue ukiwa mzima.

Ada nimeipatia njia. Kila arusi ninayolipwa natoa Sh1,000 siku hiyohiyo, kabla sijamlipa msaidizi na tuktuk, naifungia M-Shwari nisiweze kuigusa. Arusi tisa zinatosha mwaka mzima. Mwaka wangu wa bima unakwisha Februari, na arusi ya tisa nimeipiga Desemba, Kibokoni, kwa lenzi ya milimita 85.