Uzoefu wangu: kubadilisha filta ya hewa ya ndani ya gari kwa mikono yangu mwenyewe

Kwa miaka mitatu niliamini kwamba gari langu lilikuwa likibadilishiwa filta ya hewa kila lilipofanyiwa sevisi, kwa sababu karatasi ya kazi niliyopewa gereji ilikuwa na mstari ulioandikwa "filta ya hewa" na alama ya vema pembeni yake. Haikunijia akilini kwamba gari lina filta mbili za hewa: moja ni ya injini, ambayo hukaa chini ya boneti na ndiyo iliyokuwa ikibadilishwa, na nyingine ni ya hewa wanayovuta watu waliomo ndani, ambayo katika gari langu imejificha nyuma ya droo ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria. Hii ya pili hakuna aliyewahi kuigusa. Fundi hakunidanganya, mimi ndiye niliyeyasoma maneno yake na kuyapa maana pana kuliko alivyokusudia.

Dalili zilikuwepo muda mrefu, ila nilizitafsiri vibaya. Feni niliyozoea kuiweka namba mbili ilihitaji kufika namba nne ndipo hewa inifikie usoni, kioo cha mbele kilichelewa kutoa ukungu nyakati za mvua, na kila nilipowasha kiyoyozi ilitangulia harufu kama ya nguo iliyokunjwa ikiwa bado mbichi. Nilidhani gesi ya kiyoyozi imepungua, na nilikuwa karibu kwenda kuijazisha. Kilichonizuia ni jambo dogo: hewa iliyotoka ilikuwa baridi vizuri, ila ilikuwa haba. Gesi ikipungua, hewa huja kwa wingi bila ubaridi. Filta ikiziba, hewa huja na ubaridi wake bila nguvu. Mwenye kuijua tofauti hiyo huenda akajiepusha na gharama isiyo na sababu.

Kabla ya kugusa kitu nilisoma kitabu cha gari, na nashauri kila mtu aanzie hapo, kwa kuwa si magari yote yaliyopangwa sawa. Mengi yana filta hii nyuma ya droo ya abiria kama langu, mengine huiweka chini ya boneti karibu na mzizi wa kioo cha mbele, na yapo ambayo mtu hulazimika kujikunja karibu na pedeli ili aifikie. Gari langu lilikuwa la aina ya rahisi. Nilitoa vitu vyote kwenye droo, nikaufungua mfuniko wake, nikachomoa kijiti chembamba cha upande wa kulia kinachoizuia droo isidondoke kwa kishindo, kisha nikabana kuta zake mbili kwa ndani hadi vizuizi vikapita na droo ikalala chini yenyewe. Sikutumia hata bisibisi. Tahadhari yangu ni mbili tu. Plastiki iliyopoa sana au iliyozeeka hukatika upesi, kwa hiyo ni heri kufanya kazi hii gari likiwa na joto kidogo, na bila kulazimisha. Pili, eneo hilo lina nyaya, na soketi za rangi ya manjano kwa kawaida ni za mifuko ya hewa ya usalama; hizo haziguswi.

Nyuma ya droo niliona kifuniko chembamba cha plastiki, kirefu kiasi cha kiganja na nusu, kilichoshikwa kwa vibanio viwili. Nilivibonyeza, kifuniko kikatoka, na hapo nikafanya kosa langu kubwa la siku hiyo. Badala ya kuivuta filta polepole ikiwa imelala sawasawa, niliivuta kwa pupa na kuiinamisha ili nione kilichomo. Majani makavu, vijiti na mabawa ya wadudu yaliyokuwa yamerundikana juu yake yakateleza kurudi ndani, na kwa kuwa katika magari mengi ya mpangilio huu feni iko chini kabisa ya filta, yakatua pale pale penye mapanga yake. Nilipowasha feni kujaribu, gari zima likaanza kulia tak-tak-tak kama mtoto anayepitisha kijiti kwenye uzio.

Kazi niliyotarajia ya dakika kumi ikawa ya saa moja na robo. Nilizima gari, nikamulika tochi kwenye nafasi ya filta, nikaona kikonyo cha jani kimejipachika kati ya mapanga mawili. Kibano kirefu kilitoa hicho cha kwanza. Kilichobaki kilikuwa mbali, na sikukipata hadi nilipofunga kipande cha mpira mwembamba kwenye mdomo wa kifyonza vumbi kwa gundi ya karatasi, nikauingiza humo kwa kupapasa. Mtu anayeanza leo afanye kinyume changu: afyonze takataka za ukingoni kwanza, kisha aivute filta ikiwa mlalo, kwa mikono miwili, kama anayetoa sinia lililojaa maji.

Filta yenyewe nilipoiweka juani ilinitia haya. Upande wa chini ulikuwa bado una weupe wa mbali, lakini juu palikuwa na blanketi la kijivu lililoziba mikunjo kiasi kwamba sikuweza kuihesabu. Nilipoigonga kidogo ukingoni ilitoa vumbi jepesi kama unga wa talki, lakini blanketi halikubanduka.

Sasa niingie kwenye bidhaa zenyewe, maana nilinunua mbili. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya kawaida, na boksi lake lilikuwa na orodha ndefu ya magari inayoyafaa, langu likiwemo. Nilipoipima kwa rula, filta ya zamani ilikuwa na milimita 215 kwa 194, na mpya ilipungua milimita 4 upande mmoja. Nilijiambia kwamba milimita 4 si kitu, nikaisukuma ndani. Hewa ilirudi kwa nguvu ya kupendeza, nikafurahi, na ingekuwa nimeandika maoni haya wiki hiyo ningeipa sifa zote. Baada ya wiki mbili niliifungua tena kwa udadisi, nikakuta mstari mweusi wa vumbi umechorwa kwenye ukuta wa kisanduku, upande ule ule uliopungua, huku mikunjo ya filta yenyewe ikiwa karibu safi. Hewa, kama maji, hufuata njia nyepesi. Ikipewa upenyo kando ya filta haina sababu ya kuhangaika kupenya katikati yake. Ile nguvu ya hewa niliyoishangilia ilitokana kwa sehemu na hewa ambayo haikuchujwa kabisa.

Ya pili ilikuwa ya rangi ya kijivu iliyokolea, yaani ile yenye tabaka la mkaa maalumu, na kingo zake zilikuwa na ukanda wa sponji. Vipimo vyake vililingana na vya zamani, na nilipoiingiza ilikwenda kwa kusukumwa kidogo, ikiziba pande zote nne bila kupinda. Hii ndiyo ninayoipendekeza, na sababu yangu ya kwanza si mkaa bali ni ule ukanda wa sponji.

Kuhusu upande wa kuiweka, nadhani hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikosea. Filta nyingi huwa na mshale ubavuni, lakini si kila mshale una maana moja. Penye maneno AIR FLOW, mshale unaonyesha hewa inakoelekea. Penye neno UP, mshale unaonyesha tu upande unaopaswa kutazama juu. Katika gari langu hewa hutoka juu kushuka kwenye feni, kwa hiyo mshale wa AIR FLOW hutazama chini, na wa UP hutazama juu, na filta hiyo hiyo ingekuwa imewekwa sawasawa katika hali zote mbili. Ya kwanza ilikuwa na AIR FLOW nikaielekeza juu, kwa kuwa mshale wa ile ya zamani ulitazama juu. Sikuwa nimeona kwamba ile ilikuwa na neno UP. Asiye na hakika ya mwelekeo wa hewa katika gari lake aitazame filta iliyotoka: upande wenye uchafu mwingi ndio hewa inakotokea.

Mkaa umenisaidia, ila si kwa yote yaliyoahidiwa kwenye boksi. Moshi wa lori lililo mbele yangu sasa hunifikia kwa uhafifu, na hilo nililihisi tangu siku ya kwanza. Mkaa huo hunasa harufu kwenye vitundu vyake vidogo mno, na vikishajaa kazi yake imekwisha hata kama filta inaonekana safi kwa macho. Isitoshe, haunasi gesi ya monoksidi ya kaboni, kwa hiyo anayesikia moshi wa gari lake mwenyewe ndani ya gari apeleke bomba la moshi likaguliwe, asikimbilie kununua filta.

Na ile harufu ya nguo mbichi? Ilipungua nusu, ikagoma hapo. Chanzo chake kilikuwa koili ya kiyoyozi, ambayo hutoa jasho kila inapofanya kazi na kubaki na unyevu gari linapozimwa, mahali pazuri sana kwa kuvu kuota. Hewa hukutana na koili baada ya kupita kwenye filta, kwa hiyo hakuna filta inayoweza kuchuja kinachozaliwa mbele yake. Nilipuliza povu la kusafishia koili, nikahakikisha bomba la kutolea maji chini ya gari halijaziba, na tangu hapo nina mazoea ya kuzima kiyoyozi dakika chache kabla ya kufika huku feni ikiendelea, ili koili ikauke.

Nimeulizwa kama filta hizi huoshwa. Za aina niliyonunua haziwezi: maji huharibu karatasi na kuondoa ile chaji ya umeme ambayo baadhi yake huitegemea kunasa vumbi laini, na upepo wa kompresa hutanua matundu. Vitabu vingi vya magari hutaja mabadiliko kila baada ya kilomita 15,000 hadi 30,000, au mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi kwa anayepita kwenye vumbi.

Siku ya kuiweka niliandika kwenye fremu yake, kwa kalamu ya wino mzito, tarehe na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Juma lililopita, baada ya kilomita 7,200, niliifungua tena, safari hii kwa dakika nne na bila kuangusha jani hata moja. Juu ilikuwa ya kijivu kilichosambaa sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, chini haikuwa na doa, na kuta za kisanduku hazikuwa na mstari wowote. Niliirudisha kama ilivyokuwa, nikapandisha droo.